Mtemi katika hadithi: mwongozo wa kuandika heshima ya zamani ya Ugogo

Miswada mingi ya hadithi za kale ninayoletewa hapa Dodoma ina mtu mmoja asiyebadilika. Ameketi kwenye kiti cha enzi, kichwani ana taji la manyoya, walinzi wamesimama kulia na kushoto, na kila anayeingia anapiga magoti na kusema, "Ewe Mtukufu Mtemi!" Mwandishi amemchukua mtu huyo kwenye hadithi za wafalme wa nchi za mbali, akambadilishia cheo, akamhamishia Mvumi au Kilimatinde. Ugogo haikuwa na mtu wa namna hiyo. Inaniuma, kwa sababu mtemi halisi, yaani kiongozi wa jadi wa huku, anavutia kuliko huyo wa taji, na kumwandika vizuri hakuhitaji kipaji cha ajabu. Kunahitaji kazi, na kazi yenyewe ina mpangilio.

Nimeandika haya kwa ajili ya yeyote anayetaka kutunga riwaya, tamthilia, hadithi fupi au shairi kuhusu nchi hii ya kati, kuanzia Mpwapwa kuelekea Manyoni, katika siku ambazo watu walimwita mwenzao mtemi na kumaanisha hivyo.

Hatua ya kwanza: chagua mwaka kabla ya cheo

Andika mwaka wa hadithi yako juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Usiridhike na "zamani za kale". Neno mtemi lilibaki lile lile kwa vizazi vingi, lakini uzito wake ulibadilika, na msomaji wa huku atajua mara moja kama umechanganya nyakati.

Kama hadithi yako iko katikati ya karne ya 19, uko katika siku za misafara. Njia kuu ya kutoka pwani kwenda Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, ilikata Ugogo, na nchi hii ina maji machache. Aliyeshika kisima alishika msafara. Watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita: vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na wote walilalamika kuhusu hongo hiyo. Wageni hao waliwaandika watemi kama "sultani": sultani wa Mvumi, sultani wa mahali fulani. Hilo ni la kutumia. Mhusika wako mgeni anaweza kabisa kusema "sultani", lakini mwenyeji hawezi.

Mwishoni mwa karne hiyo wanaingia Wajerumani, na maboma yao Mpwapwa na Kilimatinde. Pamoja nao vinaenea vyeo vya pwani: liwali, akida, jumbe. Hapa mtemi anaanza kuishi jirani na watu wenye karatasi na askari. Mwaka 1916 Waingereza wanaichukua Dodoma, na mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, inatungwa sheria ya kutawala kupitia viongozi wa jadi. Mtemi sasa ana baraza la kusikiliza kesi, ana karani, ana mshahara, na anadaiwa kodi ya watu wake. Serikali ya Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu kisheria mwaka 1963.

Kwa hiyo mwaka 1870 mtu akisema "mtemi" anamwona aliyeshika mvua. Mwaka 1935 anamwona aliyeshika mvua na daftari la kodi, na pengine moyoni hana hakika ni kipi kilicho na nguvu zaidi. Mwaka 1970 anamwona mzee ambaye bado anasalimiwa kwa cheo, ingawa barua za serikali zinakwenda kwa mtu mwingine. Hizo ni hadithi tatu tofauti.

Hatua ya pili: mpe kazi yake

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, maana taji na walinzi huingia pale mwandishi anapokuwa hajui mtemi alifanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni.

Mvua ya Dodoma ina msimu mmoja. Huanza kwenye Desemba, wakati mwingine mwishoni mwa Novemba, na ikifika Aprili imekwisha. Ikikatika Januari uwele na mtama vikiwa vichanga, mwaka mzima umeharibika: hakuna nafaka, hakuna malisho, ng'ombe wanakonda. Katika nchi kama hiyo cheo kikubwa kuliko vyote ni cha yule anayesimama kati ya watu na mvua. Ndicho kilichokuwa cheo cha mtemi. Alikuwa na mawe ya mvua na kigoda cha urithi. Aliwatuma wazee kwenda kwa waganga nchi ilipokauka. Alitoa idhini ya kuanza shughuli za msimu, na alishughulikia usafi wa ardhi pale damu ilipomwagika.

Utemi ulikuwa wa ukoo, ule uliohesabiwa kuwa ndio uliotangulia kuifungua nchi. Wengi hulihusisha jina lenyewe na kutema, kufyeka pori. Ardhi iliyo chini yake ilikuwa ndogo, na Ugogo nzima ilikuwa na nchi nyingi za namna hiyo, kila moja na mtemi wake. Hakukuwa na mtemi wa Wagogo wote. Ukikuta katika mswada wako "Mtemi Mkuu wa Ugogo", futa.

Sasa yale ambayo hakuwa nayo. Hakuwa na jeshi la kudumu. Hakuwa na jumba: alikaa kwenye tembe, nyumba ya paa bapa la udongo, na ng'ombe wake walilala kwenye zizi la katikati kama wa jirani yake. Magomvi mengi ya mahari, ng'ombe na mipaka ya mashamba yalimalizwa na wazee wa pale pale, na wala hayakumfikia. Mtu aliyechoshwa na jirani zake angeweza kuhama na mifugo yake akaenda kukaa nchi ya mtemi mwingine. Mtawala ambaye watu wake wanaweza kuondoka hivyo hawezi kuzungumza kama mfalme wa filamu. Anashawishi, anangoja, na ananyamaza sana. Ukiandika ukimya wake vizuri umekwishafanya nusu ya kazi.

Tahadhari moja. Magharibi kidogo mwa Ugogo cheo hicho hicho kilibeba mambo mengine. Mirambo na Nyungu ya Mawe, wote waliofariki mwaka 1884, walikuwa watemi wa vita, wenye majeshi ya rugaruga. Isike wa Unyanyembe alipambana na Wajerumani hadi alipokufa katika ngome yake mwaka 1893. Kama hadithi yako iko Itigi au kwenye mapori ya Ukimbu, mtemi mwenye askari ni sahihi. Ikiwa iko Mvumi au Buigiri, si sahihi. Na usifikiri cheo hiki ni cha wanaume peke yao: Nyungu ya Mawe alirithiwa na binti yake, Mgalula. Kiswahili kinakusaidia hapo, kwa kuwa mtemi ni mtemi, awe mwanamke au mwanamume.

Hatua ya tatu: andika orodha ya midomo

Chukua karatasi. Mtemi wako mpe jina. Hapa nitamwita Ndahani, mtu wa kubuni. Chini ya jina lake orodhesha kila mhusika atakayezungumza naye au kumzungumzia, kisha mbele ya kila mmoja andika anamwitaje anapokuwa mbele yake na anamwitaje akiwa hayupo. Orodha hizo mbili zisifanane.

Mkewe hamwiti Mtemi wakiwa ndani. Atamwita kwa jina la mtoto, baba fulani, na siku akitumia cheo wakiwa wawili tu, msomaji ashtuke. Mzee wa rika lake, waliyechunga pamoja, atamwita Mtemi mbele ya watu na Ndahani kwenye kibuyu cha pombe. Mtani wake anaweza kumvua cheo hadharani, hata msibani, na hakuna atakayekasirika, kwa sababu utani umempa ruhusa hiyo. Kijana atamwita Mtemi na kutazama chini. Mfanyabiashara wa pwani atasema sultani, au mzee. Karani aliyesoma misheni atasema Mtemi kwa mdomo huku kalamu yake ikiandika Chifu. Mwingereza wa wilaya, ambaye watu wanamwita Bwana Shauri, atategemea mkalimani, na mkalimani ndiye mtu wa kuangaliwa sana: ana nafasi ya kuongeza heshima, kuipunguza, au kuimeza kabisa, na wazungumzaji wote wawili wasijue.

Usisahau wazee wenyewe. Mzee mwenye kauli katika Ugogo aliitwa mnyampala, wengine huandika mnyamphala, na wingi wake ni wanyampala. Neno la ukoo mmoja na hilo lilitumika kwenye misafara kwa kiongozi wa wapagazi, na leo nyapara ni msimamizi wa kazi au wa wafungwa. Ukiweka mnyampala kwenye hadithi ya mwaka 1890, mwoneshe akifanya kazi ya uzee mapema kabisa, akigawa nyama au akikata shauri, ili msomaji wa leo asimwone ameshika kiboko.

Kuna maneno ya heshima ambayo lazima yabaki nje. Mheshimiwa lina sauti ya Bunge, na sisi tunaokaa Dodoma tunalisikia kila siku. Mtu wa mwaka 1900 hawezi kusema Mheshimiwa Mtemi. Ndugu kama cheo cha usawa lilipata nguvu miaka ya Azimio la Arusha, 1967 na kuendelea. Chifu la vijiweni, mkuu, kiongozi, yote ni ya leo. Mtukufu liache kwa wafalme na watu wa dini.

Salamu nazo ni sehemu ya cheo. Mgogo anasalimia "mbukwa" kwa mtu mmoja na "mbukwenyi" kwa wengi. Ziweke kama zilivyo, bila kuzitafsiri pembeni. Mtu akisema "Mbukwa, Mtemi", msomaji wa Lindi au wa Pemba ataelewa kuwa ni salamu.

Hatua ya nne: amua msimulizi anamwitaje

Mazungumzo ni ya wahusika, lakini kuna sauti ya anayesimulia, na wengi wanaisahau. Una njia tatu. Msimulizi anaweza kusema "Mtemi" tangu mwanzo hadi mwisho, na hapo amejiweka upande wa watu wa nchi, anamtazama kutoka chini. Anaweza kusema "Ndahani" tu, akamweka mtu mbele ya cheo. Au anaweza kubadilisha: "Mtemi" mbele za watu, "Ndahani" anapobaki peke yake na mawazo yake. Ninaipenda hii ya tatu, ila inataka nidhamu. Ukibadilisha bila sababu msomaji atadhani ni watu wawili.

Ipo pia njia ya kumpa heshima mtu asiye na utawala wowote. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika riwaya yake kwa Kikerewe, na toleo la Kiswahili lilipotoka mwaka 1980 jina lake lilikuwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hao wawili ni mke na mume wa kawaida, wakulima. Bwana na Bibi pale mbele vinamwambia msomaji, kabla hajafungua, kwamba maisha yao yanastahili kusimuliwa kwa adabu. Mwandishi wa Ugogo anaweza kujifunza hapo: mchunga mbuzi naye apate jina kamili na salamu yake.

Hatua ya tano: mahali cheo kinapobadilika ndipo penye hadithi

Tafuta mandhari moja ambayo mtu anaacha kumwita Ndahani kwa cheo alichomzoea. Ijengee njia polepole, halafu ukifika usiieleze. Huu hapa mfano, mwaka ni 1934:

Mzee alisimama mlangoni mwa tembe, fimbo mkononi.
"Mbukwa, Mtemi."
"Mbukwa. Pita ndani."
"Sipiti. Nimekuja kuuliza. Ng'ombe wangu mweupe yuko bomani, karani kamwandika. Nani alimwonyesha zizi langu?"
Ndahani alitazama miguu ya mzee, ilivyojaa vumbi.
"Mwaka ule wa njaa nilikuletea kondoo mweusi hapa, Mtemi, tukaomba mvua pamoja. Sikukuficha nilichokuwa nacho. Nani alimwonyesha?"
"Serikali inataka hesabu ya kila nyumba."
"Haya, Bwana Mkubwa," mzee alisema. "Nimesikia."

Angalia kilichofanyika. Mzee hakutukana. Alitumia neno la heshima, tena lile wanaloitwa Wazungu wa bomani, na kwa neno hilo akamtoa Ndahani kwenye upande wa mvua akampeleka upande wa kodi. Kama ungeongeza "alisema kwa uchungu, akimaanisha kwamba Mtemi amewasaliti watu wake", ungeua kila kitu. Kondoo mweusi naye ametajwa kwa sababu: wanyama weusi ndio wa kuombea mvua, na weusi wake ni wa mawingu. Msomaji anayejua atatikisa kichwa, na asiyejua hatapotea.

Mandhari ya kinyume inawezekana pia. Mtu anayemwita Ndahani kwa jina tangu ukurasa wa kwanza, labda kaka mkubwa aliyekosa kurithi, siku moja mvua ikianza kudondoka kwenye vumbi anasema "Mtemi" kwa mara ya kwanza. Mkato mmoja, nukta moja, basi.

Hatua ya sita: sarufi na mizani

Haya ni machache. Herufi kubwa iwepo pale cheo kinapoungana na jina au kinapotumika kumwita mtu: Mtemi Mazengo, "Karibu, Mtemi". Kikiwa nomino ya kawaida, herufi ndogo: watemi walikutana, mtemi wa Mvumi. Ofisi yake ni utemi. Usirundike vyeo viwili, kama "Bwana Mtemi Ndahani", isipokuwa mhusika wako ni mgeni na unataka msomaji amwone anavyobabaika. Mtemi husimikwa au hutawazwa. Kuapishwa ni kwa viongozi wa serikali.

Kwa watunzi wa mashairi, mtemi lina mizani tatu, m-te-mi, na bwana lina mbili tu. Tofauti hiyo ndogo inaamua mengi. Kipande cha mizani nane kinakaa vizuri hivi: "Mtemi tupe kauli". Ukikiunga na "ng'ombe wafa malishoni" umepata mshororo kamili wa kumi na sita. Ukibadilisha cheo ukaweka "Bwana tupe kauli" umepungukiwa na mizani moja, na katika kuziba pengo unaweza kujikuta umeandika jambo ambalo hukulikusudia. Chagua cheo kwanza, kisha jenga mshororo kukizunguka.

Kwenye jukwaa, mtemi asitangazwe kabla ya kuingia. Acha waliokaa wajipange upya, mmoja asogeze kigoda, mwingine anyamazishe zeze. Hadhira itajua nani anakuja.

Hatua ya saba: soma na uulize

Anza na Mathias Mnyampala. Alizaliwa mwaka 1917 huku huku Dodoma, akafariki mwaka 1969, na wengi wanamjua kwa ngonjera. Lakini mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, kwa Kiswahili, kilichoandikwa na Mgogo aliyekulia ndani ya mambo hayo wakati watemi bado wapo. Kitafute maktaba, na unaposoma andika pembeni kila cheo unachokutana nacho na nani anakitumia.

Baada ya hapo nenda kwa wazee. Jina la Mtemi Mazengo wa Mvumi lilipewa shule ya sekondari mjini, kwa hiyo hata vijana wanalifahamu, lakini walio hai na waliowahi kumsalimia mtemi yeyote akiwa madarakani wanazidi kupungua. Jinsi unavyouliza ndiyo itakayoamua unachopata. Ukiuliza "mtemi alikuwa nani?" utajibiwa kama mtihani wa historia. Uliza hivi: alipopita njiani mlifanya nini? Nani alianza kusalimia? Mama yako alimtajaje akiwa jikoni? Mliambiwa msiguse kitu gani? Mvua ikichelewa, nani alikwenda kwake na alibeba nini? Ukiruhusiwa, rekodi sauti, maana mahali mzee anaposita kabla ya kutaja cheo ni muhimu kama cheo chenyewe, na kalamu haitaunasa msito huo. Ukiambiwa kwamba jambo fulani kuhusu mawe ya mvua halisemwi, liache. Hadithi inaweza kumfikisha msomaji hadi mlangoni pa tembe ikamwachia hapo.

Rasimu ikikamilika, pitia kila mahali uliposema "Mtemi" katika mazungumzo, ukiwa na ile karatasi ya midomo mezani. Watu wanaofahamiana hawaitani kwa cheo katika kila sentensi. Mara moja mwanzoni mwa maongezi, na mara moja tena pale jambo linapokuwa zito, inatosha. Zilizobaki futa. Kisha mpe msomaji mmoja Mgogo na mmoja asiye Mgogo, kila mmoja peke yake, na uwaombe waweke alama mahali waliposhtuka. Alama za yule wa kwanza zitakuonyesha ulipokosea adabu, na za wa pili zitakuonyesha ulipoacha giza. Zikigongana, sikiliza za yule wa kwanza, halafu tafuta namna nyingine ya kumwashia taa wa pili.